Mtazame Akifanya: Mbinu za Kumpima Mwanafunzi wa Udaktari Kituoni

Mwanafunzi wa udaktari wa Lubumbashi hufika staji akiwa amekwisha kupita mitihani ya karatasi kwa miaka kadhaa, kwa Kifaransa, pointi zake zikihesabiwa juu ya 20. Ukimuuliza dalili za malaria kali atakutajia zote bila kukwama. Sasa mpeleke Kasungami, mtaa wa pembezoni katika komuni ya Annexe, umkalishe mbele ya mama anayemshusha mgongoni mtoto wa miezi 14 mwenye homa na kikohozi. Je, atamtazama mtoto kabla ya kushika kalamu? Atamfunua kifua ahesabu pumzi, au ataandika dawa akiwa bado anasikiliza nusu ya maelezo? Pointi za darasani hazijibu maswali hayo, na hazikutungwa kuyajibu.

Ushauri huu ni kwa wanaobeba mzigo wa staji bila kuitwa maprofesa: daktari wa kituo, muuguzi titilere anayeongoza kituo, mkunga wa siku nyingi. Mwaka 1990 Mmarekani George Miller aliupanga umahiri wa daktari kwa ngazi nne: anajua, anajua namna, anaonyesha kwamba anaweza, na juu kabisa anatenda katika kazi yake ya kila siku. Karatasi huishia ngazi mbili za chini. Mbili za juu humtaka mtu asimame pembeni na kutazama, na kwa hilo kituo kidogo cha mtaa kina nafasi nzuri kuliko amfiteatri iliyojaa hadi madirishani.

Mgonjwa mmoja hatoshi

Kwa mazoea yetu, mtihani wa kliniki ni mgonjwa mmoja. Mwanafunzi anaonyeshwa kitanda, anakaa na mgonjwa muda mrefu, kisha anasimama mbele ya jopo na kueleza alichokipata. Jopo husikiliza maelezo. Mara nyingi halikuona hata mara moja jinsi alivyolibonyeza tumbo. Na kuna kasoro iliyo kubwa zaidi. Mwaka 1978 Arthur Elstein, Lee Shulman na Sarah Sprafka walichapisha huko Marekani kitabu kuhusu jinsi madaktari wanavyofikiri, na moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba kulimudu tatizo moja hakutabiri vizuri kulimudu jingine. Aliyeng'ara kwenye kisukari anaweza kuboronga kwenye degedege. Basi anayepangiwa kitanda cha ugonjwa aliokesha nao jana anafaulu, na jirani yake anaanguka, na wewe umepima bahati.

Dawa yake si kuurefusha mtihani kwa mgonjwa yuleyule. Ukiwa na saa mbili kwa mwanafunzi mmoja, zikate vipande: wagonjwa wanane au kumi, dakika chache kila mmoja, mbele ya macho ya watu tofauti. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, hili lishike.

Anza na rejista, si na kitabu

Kabla ya kutunga swali lolote, fungua rejista ya wagonjwa ya miezi mitatu iliyopita. Hesabu nini kinaingia mlangoni: homa za watoto, kikohozi, kuhara, wajawazito wa kliniki, uzazi wa usiku, vidonda, presha ya wazee. Kisha ongeza machache yasiyokuja kila siku lakini yakija hayangoji, kama mama anayevuja damu baada ya kujifungua na mtoto mchanga asiyelia. Hiyo ndiyo ramani ya mtihani wako. Chora jedwali: upande mmoja magonjwa hayo, upande wa pili kazi zenyewe, yaani kuuliza, kupima mwili, kufanya kitendo cha mikono, kuamua, kueleza, kuandika rufaa. Kila meza ya mtihani iangukie chumba chake katika jedwali. Utashangaa: ukiacha mambo yajiendee, meza zote zitapima kuuliza na hakuna itakayopima kuandika rufaa, wakati mgonjwa wa Kasungami anayepelekwa hospitali ya Jason Sendwe hutegemea ile karatasi aliyoishika mkononi kuliko kitu kingine.

Meza nane na kengele

Mtihani wa meza ulianzishwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Scotland, na wakauchapisha mwaka 1975. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunauita ECOS, wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi huuita OSCE. Mpango wake ni rahisi: kila mwanafunzi huanza meza yake, kengele ikilia wote wanahama, na mwisho kila mmoja amefanya kazi zilezile na kupimwa kwa karatasi ileile.

Kwa kituo kidogo, meza nane zinatosha kuanzia. Wape dakika 6 kila meza na dakika 1 ya kuhama. Wanafunzi wanane wanamaliza kwa dakika 56. Usitafute watahini wanane, hutawapata. Meza tatu ziwe za kuandika: kusoma kipimo cha haraka cha malaria na kusema utafanya nini, kujaza partografu, kuandika rufaa. Hapo hahitajiki mtu, karatasi zitasahihishwa baadaye. Fanya asubuhi wakati mwanga wa dirisha unatosha, na usiwe na meza hata moja inayotegemea umeme. Kengele ya baiskeli inasikika kituo kizima.

Niingie ndani ya meza mbili, maana hapa ndipo watungaji wengi huharibu.

Meza ya pumzi. Huwezi kumweka mtoto mgonjwa ahesabiwe pumzi na wanafunzi wanane mfululizo: ni kumtesa, na pumzi zenyewe zitabadilika akianza kulia. Badala yake, omba ruhusa ya mzazi, mrekodi kwa simu mtoto aliyetulia, kifua na tumbo tu bila uso, kwa zaidi ya dakika moja. Wewe na mwenzako hesabuni mara kadhaa mpaka mkubaliane. Sasa una mtoto asiyechoka, na jibu linajulikana. Mwanafunzi anaambiwa umri, miezi 14, anaonyeshwa video, ana saa mezani. Unatazama mambo matatu. Je, alihesabu dakika nzima, au sekunde 15 kisha akazidisha kwa nne? Je, hesabu yake iko karibu na yenu? Je, anajua kwamba kwa umri huo pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka, wakati kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12 mpaka ni 50, na chini ya miezi 2 ni 60? Halafu muulize dalili za hatari ambazo angemuuliza mama: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, amelegea au hazinduki. Anayezitaja lakini hakuhesabu dakika nzima hajafaulu meza hiyo kwangu. Najua kuna watakaoona nina ukali.

Meza ya artesuneti. Mpe mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali, kichupa cha miligramu 60, bikaboneti yake, maji ya chumvi, na bomba la sindano. Swali: andaa dozi ya kwanza ya kuingiza kwenye mshipa na unionyeshe bomba. Dozi ya mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo miligramu 30. Poda huyeyushwa kwa mililita 1 ya bikaboneti, kisha huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi, ikawa miligramu 10 katika kila mililita. Bomba lisome mililita 3. Angekuwa anachoma msuli, angeongeza mililita 2 tu za maji ya chumvi, na bomba lingesoma mililita 1.5. Kwenye karatasi karibu wote watapata miligramu 30. Mkononi, utaona mmoja anavuta kichupa chote, mwingine anasahau bikaboneti, mwingine anajibu vizuri kabisa huku sindano ikigusa meza. Tumia vichupa vilivyokwisha muda ulivyovihifadhi kwa ajili hiyo, uviandike kwa wino mwekundu kwamba ni vya mtihani, na uvihesabu mwanzo na mwisho.

Kuhusu mtoto mchanga asiyelia, mpango wa Helping Babies Breathe, uliozinduliwa mwaka 2010 na American Academy of Pediatrics pamoja na washirika wake, umekuja na mitihani yake midogo iliyo tayari, na doli linalojazwa maji au hewa ambalo kifua chake hupanda ukipuliza sawasawa. Kipimo ni kile wanachokiita dakika ya dhahabu: ndani ya sekunde 60 tangu kuzaliwa, mtoto awe anapumua au awe anapumuliwa kwa mfuko na barakoa. Mkikosa doli hilo, doli la kushona litakuonyesha mpangilio wa hatua, kukausha, kutia joto, kusafisha njia ya hewa inapobidi, kusugua mgongo. Lakini usimpe mtu pointi za kupuliza kwenye kitambaa. Kifua kisichopanda hakimpimi mpulizaji.

Mama wa kuigiza, na lugha yake

Howard Barrows alianza kutumia wagonjwa wa kuigiza huko California mwaka 1963, na wazo lake halihitaji dola. Mama wa mtaani aliyekwisha kulea watoto, aliyeombwa kwa heshima na kulipwa nauli na muda wake, ataigiza vizuri kuliko muuguzi anayejua jibu. Mwandikie hadithi fupi, muisome pamoja mpaka aizoee: nani anaumwa, tangu lini, dawa gani alimpa nyumbani, nini anaogopa. Na mpe jambo moja asiloruhusiwa kulisema mpaka aulizwe.

Jambo hilo kwa Lubumbashi naweza kupendekeza: kazi ya baba. Mji umezungukwa na migodi, na utafiti uliofanyika Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 katika The Lancet Planetary Health ulikuta uhusiano kati ya akina baba wanaofanya kazi za migodi na watoto kuzaliwa na kasoro za maumbile. Mwanafunzi anayeuliza umri, kabila na dini lakini asiulize baba anashinda wapi na anarudi na nguo za aina gani, amenakili fomu tu.

Kisha lugha. Mama wa Kasungami hatasema «fièvre intermittente». Atasema: «Munganga, mutoto iko na mwili moto tangu juzi, anakatala kunyonya.» Mwanafunzi amesoma miaka yote kwa Kifaransa, na huyo mama hazungumzi hivyo. Meza ya kueleza dawa iwe kwa Kiswahili kitupu, na pointi zitolewe na mama mwenyewe pia. Kipimo hakina siri: mwanafunzi akimaliza kueleza, mtahini anamgeukia mama na kumwambia, «Mama, tuambie sasa utafanya nini ukifika nyumbani.» Asemayo mama ndiyo matokeo. Kama anasema atampa vidonge homa ikirudi tu, wakati dozi ni ya siku tatu asubuhi na jioni, maelezo yalikuwa mazuri kwa masikio ya mtahini peke yake. Wapo wanafunzi wenye pointi za wastani darasani wanaotia fora hapa, kwa sababu wamekulia komuni za Katuba au Kenya na wanajua kumuuliza mama mkubwa kuliko wao bila kumvunjia heshima. Ni umahiri wa kitabibu kama mwingine wowote, upewe pointi zake.

Karatasi ya alama

Kila meza iwe na orodha ya hatua, lakini fupi, hatua kumi au kumi na mbili. Orodha ndefu hulea kasuku. Mwaka 1999 Brian Hodges na wenzake wa Toronto walionyesha jambo la kuchekesha kidogo: madaktari wazoefu walipopitishwa kwenye mtihani wa meza, orodha za vistari ziliwapa alama za chini kuliko wanafunzi, wakati hukumu ya jumla ya mtahini iliwapa za juu. Sababu haiko mbali. Mzoefu haulizi maswali 30. Anauliza matano yanayouma. Kwa hiyo chini ya orodha weka mstari mmoja wa hukumu ya jumla wenye majibu matatu: anafaulu, yuko mpakani, anashindwa. Mtahini aujaze kabla ya kujumlisha vistari, la sivyo jumla itamwambia cha kufikiri.

Mstari huo una kazi ya pili. Tumezoea kwamba 10 juu ya 20 ni kufaulu, kana kwamba meza zote zina ugumu sawa. Badala yake, wachukue wale ambao mtahini aliwaweka mpakani, utafute wastani wa vistari vyao katika meza hiyo. Mathalan watatu walio mpakani, vistari vikigeuzwa kuwa pointi juu ya 20, wamepata 11, 12 na 13. Alama ya kupita ya meza hiyo ni 12. Meza nyepesi itajipandishia alama ya kupita, ngumu itaishusha. Wanafunzi wakiwa wachache mno hesabu hii huyumba, basi unganisha matokeo ya makundi mawili au matatu kabla ya kukata.

Na zipo hatua ambazo hazifidiwi na pointi nyingine. Kumchoma mgonjwa bila kuthibitisha jina lake, kurudisha sindano iliyotumika kwenye kifuniko kwa mikono miwili, kumpa mtoto aliyelegea vidonge na kumrudisha nyumbani. Ziandikwe kwa herufi kubwa juu ya karatasi na wanafunzi waambiwe mapema. Kuzificha hakuna faida yoyote.

Sasa suala ambalo kila mtu analijua na wachache huliandika: bahasha na upendeleo. Usitegemee maadili ya mtahini peke yake, jenga mtihani unaomkinga. Wanafunzi watumie namba badala ya majina kwenye karatasi za kuandika. Mtu asimpime ndugu yake wala binti anayemsimamia peke yake. Karatasi zikusanywe meza inapofungwa, zisiende nyumbani kwa mtu. Wapimaji watano wenye sehemu ndogo kila mmoja ni vigumu kuwanunua wote. Mmoja mwenye pointi zote ana bei.

Baada ya mtihani: zamu ya usiku

Mtihani wa meza huonyesha anachoweza akijua anapimwa. Ngazi ya nne ya Miller huipati kwenye meza, unaitafuta katika kazi ya kila juma. John Norcini na wenzake walitoa mwaka 1995 njia ambayo haigharimu kitu: mtazame mwanafunzi na mgonjwa halisi kwa dakika kama 20, kazi moja tu, kisha mtoke nje mzungumze dakika tano. Mgonjwa aombwe ruhusa kwanza, na akikataa anatibiwa vilevile. Unapotazama, nyamaza. Ugonjwa wetu sisi wasimamizi ni kumnyang'anya mwanafunzi steteskopu dakika ya pili. Ingilia tu kama mgonjwa yuko hatarini.

Katika zile dakika tano, usimwambie «vizuri, endelea hivyo». Mwambie kitu kimoja alichokifanya sawasawa, kwa jina lake, na kimoja cha kubadilisha, na siku atakapokifanya tena ukiwapo. «Ulimsubiri mama amalize, uliposhika ini hukumtazama mtoto usoni, Alhamisi tutarudia tumbo.» Andika mistari hiyo kwenye daftari lake la staji. Daftari lenye saini 20 za uzazi halisemi kama huo wa ishirini ulikuwa bora kuliko wa kwanza.

Kwa hukumu ya mwisho, nimependa kuliko zote swali linalotokana na kazi ya Mholanzi Olle ten Cate, aliyeanza kuandika mwaka 2005 kuhusu kazi ambazo mwanafunzi anaweza kuaminiwa nazo. Huulizi amepata ngapi. Unauliza, kazi kwa kazi: atazame tu? afanye nikiwa nimesimama naye? afanye nikiwa nyumbani na simu iko wazi? afanye peke yake? Mmoja anaweza kuaminiwa kushona kidonda peke yake na asiaminiwe kuanzisha oksitosini hata ukiwa chumbani. Muulize mkunga pia, bila mwanafunzi kuwapo: ungelala usingizi huyu akiwa na zamu? Wakunga hawapindishi jibu. Na kwa nchi ambapo daktari mpya anaweza kujikuta yeye ndiye mkubwa wa kituo kizima, swali hilo lina uzito kuliko alama ya «distinction».

Anayeshindwa asirudishwe mwaka mzima kwa sababu ya meza mbili. Arudie kazi hizo mbili, baada ya wiki kadhaa za kufanya akitazamwa, mbele ya mtahini mwingine na kwa mgonjwa mwingine. Badilisha namba zilizo ndani ya maswali kila mara, kwa sababu wanafunzi wana simu na meza zako zitakuwa kwenye WhatsApp kabla hujamaliza kukunja kitambaa. Kilo 10 za mtoto wa artesuneti zigeuze kuwa 25. Aliyekariri jibu la kundi lililotangulia atavuta mililita 3. Aliyekariri miligramu 3 kwa kilo atapata 75 na kuomba kichupa cha pili. Anayejua kwamba kuanzia kilo 20 dozi hushuka hadi miligramu 2.4 kwa kilo atapata 60, atavuta mililita 6, na kichupa kitabaki kitupu.